Kiti cha Msindikizaji

Jina la Mama Kiti wifi yangu alipewa na watu wa ofisini, na si kwa sababu anapenda kukaa. Nyumbani hata chai anakunywa amesimama, mkono mmoja uko kwenye kikombe na wa pili unafuta jiko. Jina lilitoka kwenye chumba kidogo cha ghorofani, chenye meza ya duara, viti vinne, jagi la maji na boksi la tishu. Katika shirika letu, mfanyakazi akiitwa chumba kidogo ana haki ya kwenda na mwenzake wa kumsindikiza, na karibu kila aliyeitwa alimchagua yeye. Alikuwa mtulivu, hana papara, na ana ule uso unaokufanya uone mambo yatakwenda sawa. Kiti cha karibu na dirisha kikawa chake.

Niseme kabisa shirika letu linafanya nini, maana hapo ndipo kichekesho kilipo. Tunatetea watu waliofukuzwa kazi kwa ajili ya rangi yao, asili yao au lafudhi yao. Pale mapokezi, ninapokaa mimi, kuna bango limeandikwa: Usikubali kuitwa peke yako. Basi kwa kuwa tunajua makosa yote ambayo waajiri hufanya wanapofukuza watu, sisi wenyewe tukifukuza hatuachi hata ufa. Sauti haipandi. Maji unamiminiwa. Ukianza kulia, tishu inasogezwa taratibu. Mwishoni Mkurugenzi anamgeukia msindikizaji, ambaye muda wote haruhusiwi kutia neno, anamwuliza: "Umeona tumeongea kwa heshima?" Naye anajibu: "Nimeona." Aliyefukuzwa akienda kulalamika baraza la kazi, neno hilo linakuwa limeshafika kabla yake. Hakuna aliyewahi kulishinda.

"Na si uongo," wifi aliniambia siku moja tukikunja nguo sebuleni. "Wanaongea kwa heshima. Hakuna aliyetukanwa mle ndani."

"Na hakuna aliyebaki kazini," nikamwambia.

Akanitupia shuka usoni. Mimi na yeye tunataniana tangu siku aliyoolewa na kaka yangu. Nilimwambia amechukua mtu mvivu na hatumpokei akirudishwa. Lakini siku ile hakucheka. Ofisini watu walikuwa wameanza kumkwepa. Akiingia jikoni kuchukua maji, maongezi yanakatika. Dereva wetu, mtu asiyejua kufunga mdomo, alisema ukimwona Mama Kiti anapanda ngazi, ujue kuna mwenzako anashuka na hatapanda tena. Watu walicheka, halafu wakaangalia ngazi.

Kuacha kazi hakuweza. Kaka yangu ni fundi wa friji, au alikuwa. Alianguka juu ya paa akifunga mtambo wa baridi, akaumia mgongo, na tangu hapo amelala kwenye godoro sebuleni akiangalia dari na kutoa amri. Nyumba nzima ilisimama juu ya wifi, na kidogo juu yangu, kwa kuwa nafasi yangu ya mapokezi ni yeye aliyeniombea.

Kisha likaja suala la picha.

Shirika lilikuwa linatengeneza bango jipya la kupinga ubaguzi wa rangi, na wafanyakazi wote tukaitwa uani kupigwa picha. Kulikuwa na binti mmoja wa kitengo cha malalamiko, mweusi tii, mtoto wa watu waliohamia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mchapakazi, mcheshi, akiingia asubuhi lazima aniulize kama nimeota ndoto yoyote ya maana. Alisimama mbele kama wengine. Mkuu wa habari akaangalia kamera yake, akasema, "Wewe, rudi nyuma kidogo. Unaharibu mwanga."

Alirudi nyuma. Bango lilipotoka, lilionyesha paji la uso wake na sikio moja.

Mkuu wa habari aliapa kwamba hayo ni mambo ya kamera tu, na kila mpiga picha anayajua. Labda. Mimi kamera siijui. Lakini nilikuwepo pale uani, na nilimwona mwanamke mwenye blauzi nyeupe iliyokuwa inang'aa hadi inaumiza macho, na yeye hakuambiwa arudi popote. Binti aliandika kwenye kundi la simu la ofisi, ambamo na wafadhili wamo: "Shirika la kupinga ubaguzi limenificha kwenye bango la kupinga ubaguzi." Hakuongeza hata nukta. Kundi zima likanyamaza. Siku hiyo kila mtu alipita mapokezi ameinamia simu yake, na hakuna aliyemjibu yule binti, wala mimi.

Kabla ya wiki kwisha akaitwa chumba kidogo kwa kosa la kuchafua jina la shirika. Akaja moja kwa moja kwa wifi. "Mama, naomba unisindikize."

Wifi alikubali. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa. Kabla ya kupanda ngazi alirudi mezani kwake, akachukua kikombe chake, ndala zake za kubadilisha na mtandio anaojifunika kipupwe kikizidi, akavitia kwenye mkoba. Akauleta mkoba kwangu.

"Niwekee hapa chini."

"Unahama?" nikamtania.

"Niwekee tu, wifi."

Yaliyotokea kule juu nilisimuliwa na yule binti, aliposhuka akiwa na mlinzi nyuma yake. Wanaofukuzwa hawaruhusiwi kurudi mezani. Vitu vyao hufuata baadaye kwenye mfuko wa plastiki, kama vya marehemu. Alikuwa anatetemeka na wakati huohuo anacheka. Alisema mambo yalikwenda kama yanavyokwenda, maji yakamiminwa, tishu ikasogezwa, na Mkurugenzi akasema kwa upole kwamba hakuna mfanyakazi mwingine aliyewahi kujisikia kubaguliwa humu. Kisha akamgeukia wifi na swali lake. Wifi akasema:

"Sijaona."

Mkurugenzi akadhani hakusikika vizuri. Akarudia swali. Wifi naye akarudia jibu, na akaongeza kwamba kumwondoa mtu kwa sababu amesema kilichomuuma si heshima, hata akiondolewa kwa sauti ndogo namna gani. Binti akafukuzwa vilevile. Lakini alitoka pale na kitu ambacho wenzake waliomtangulia hawakutoka nacho, na baraza la kazi lilikubali kumsikiliza.

Wifi alishuka nyuma yao, akachukua mkoba wake miguuni kwangu, akarudi kufanya kazi. Kikombe hakukitoa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko kelele. Hakuna aliyemgombeza. Mkurugenzi alimsalimia vizuri zaidi ya zamani. Asubuhi moja jina lake halikuwemo kwenye mwaliko wa kikao. Halafu akatolewa kwenye kundi la simu, tukaambiwa ni hitilafu ya mtandao. Halafu fundi wa kompyuta akaja kuangalia mashine yake, ambayo haikuwa na ubovu wowote. Wifi alizitazama hatua hizo moja baada ya nyingine, na kila jioni alinitajia ijayo. Hakukosea hata moja. Mimi nilikuwa nashtuka kila simu ya mezani inapolia. Niliogopa, sioni haya kusema. Kaka akiuliza pale godoroni, "Kazini vipi?" tulijibu pamoja, "Salama."

Wifi alipoitwa juu, alizunguka ofisi nzima kutafuta wa kumsindikiza. Watu aliowashika mikono mle ndani walishaondoka wote, na waliobaki kila mmoja alikuwa na dharura. Dereva alisema gari lina shida ya breki. Nikamwambia wifi nitakwenda mimi.

"Wewe ubaki. Nyumba itakula nini?"

"Kanuni inataka mtu. Usipokuwa na mtu watakuletea wa kwao."

Tukapanda. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiria, na kile kiti cha dirishani kitambaa chake kilikuwa kimechakaa mahali anapokaa wifi. Nikakaa palepale. Mkurugenzi aliongea kuhusu kupunguza nafasi, kuhusu mwelekeo mpya, kuhusu mchango mkubwa wa wifi ambao hautasahaulika. Akammiminia maji mwenyewe. Sijawahi kusikia mtu akivunjiwa nyumba yake kwa maneno matamu namna ile. Kisha akanigeukia.

"Dada wa mapokezi, umeona tumeongea kwa heshima?"

Nikafungua mdomo.

"Ameona," alisema wifi.

Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akapumua, akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu limetoka kwangu. Mlinzi akafungua mlango.

Nilimkasirikia njia nzima. Nilimwambia hana haki ya kunijibia, mimi si mtoto wake, na kaka yangu alioa mwanamke mjuaji. Aliniacha nikamaliza. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Nimekuokoa leo, wifi. Siku nyingine sitakuwepo." Tukaingia, kaka akauliza kazini vipi, na mara ile ni mimi peke yangu niliyejibu.

Sasa wifi anashona pazia za watu kwenye ile sebule, miguu ya kaka iko chini ya meza ya cherehani, na wanagombana kuhusu vipande vya nyuzi vinavyomwangukia. Ofisini wamenunua boksi jipya la tishu. Bango la sikio moja limetundikwa mapokezi, upande wa kulia wa kichwa changu, kila anayeingia analiona kabla hajaniona mimi. Na watu wameanza kukatisha maongezi nikiingia jikoni. Dereva aliniita Mama Kiti mara moja, kwa utani, kisha akajifanya anakohoa.

Leo asubuhi amekuja mhudumu wa stoo, mzee mmoja mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Wiki iliyopita alimwomba mkuu wa habari aache kuigiza lafudhi yake mbele ya wageni. Alisimama mbele ya kaunta yangu akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Binti yangu, nimeitwa juu. Wamesema nije na mtu."

Nilimwangalia. Nikawaza kaka pale godoroni, na pazia ambazo bado hazijakamilika, na mwisho wa mwezi. Nilitamani simu ilie.

"Nipe dakika moja, baba," nikamwambia.

Nikafungua droo, nikatoa kikombe changu, sweta, na picha ya mama yangu. Nikavitia vyote kwenye mkoba, nikamkabidhi mlinzi anishikie pale mlangoni. Kisha tukapanda ngazi.