Karata Zisizoguswa na Maji

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, nyumbani kwetu nyuma ya soko la Lubao kulikuwa na mwiko mmoja uliozidi yote: mtu aliyeshika karata za Senje Rispa hanawi mikono mpaka alale na kuamka. Akinawa, ameosha bahati yake na kuimwaga. Miiko mingine tulikuwa nayo, ya kutopiga mluzi jioni na ya kutoruka miguu ya mtu aliyelala, lakini hiyo sisi watoto tuliivunja tukicheka na hakuna aliyekufa. Huu wa karata ulimfukuza mama yangu. Ninauandika nikiwa na hasira ile ile niliyokuwa nayo wakati huo, ila sasa nina maneno ya kuisema.

Senje kwetu ni shangazi, na senje aliyerudi kwao ana sauti kuliko wake wote walioolewa pale. Rispa alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alirudi kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndoa imemshinda, akiwa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na karata za kawaida kabisa, za wafalme na malkia, zile wanaume wa mjini wanazochezea kamari. Yeye hakuzicheza. Alizitandaza jikoni kwa Kukhu, nyanya yangu, akazisoma, na haukupita muda wanawake wakaanza kuja kuuliza habari za waume, za ng'ombe waliopotea na za mimba zisizoingia.

Ninaziona hadi leo. Pembe zilikuwa zimeliwa, weupe wake umekuwa rangi ya chini ya sufuria, na mfalme mmoja alikuwa na obusuma, ugali wetu, uliokauka kwenye ndevu. Kila mtu alizishika alivyokuja: huyu ametoka kukamua, huyu amempangusa mtoto matako sasa hivi kwa jani, huyu ana magamba ya omena mpaka kwenye kiwiko. Senje alilamba kidole gumba, akagawa, akalamba tena. Na wakimaliza kuambiwa mambo yao, Kukhu alipakua obusuma na mboga kwenye sinia moja, wakala kwa mikono ile ile isiyoruhusiwa maji. Ukimwambia mtu leo anadhani unatia chumvi.

Mama yangu alikuwa ameolewa kutoka Butere. Alipokuwa msichana, mdogo wake wa kiume aliharisha akafa, na mtu wa zahanati akawaambia kwao kwamba ugonjwa ule uliingilia mikononi. Mama hakuwahi kulisahau neno hilo. Alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa tundu chini, akaliziba kwa kijiti, akautundika kando ya mlango wetu na kipande cha sabuni chini yake. Hakuna aliyeingia kula kwetu bila kusimama pale, hata Baba akija Jumamosi kutoka kwenye kazi yake ya ukarani mjini Kakamega. Baba alinawa bila kulalamika, akikunja mikono ya shati vizuri kabisa.

"Huyu mwanamke anaoshanga mikono kama mtu ametoka kuua," Senje alisema siku moja, na jiko zima likacheka. Mama naye alicheka. Alidhani ni utani wa wifi.

Kisha mvua ilipokolea, tumbo la kuhara damu likaingia boma. Lilipiga nyumba hii, likapiga ile, likamlaza Kukhu mwenyewe wiki nzima. Nyumba yetu halikuigusa. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kwetu kunafanywa nini ambacho kwingine hakifanywi. Badala yake tulianza kuangaliwa. Wanawake waliokuwa wakiniita niwabebee mtoto waliacha kuniita, na Mama akipita na ndoo kutoka mtoni, mazungumzo yalikatika.

Aliyeumwa zaidi ni Shikuku, mtoto wa baba mdogo. Alikuwa bado hajui kusema vizuri, na alikuwa mkia wangu: nikienda kuchuma mapera yuko, nikienda chooni amekaa nje ananisubiri. Aliisha mbele ya macho yetu. Senje Rispa alikuja akamtibu kwa njia yake, akapitisha karata midomoni mwake moja baada ya nyingine ili zinyonye ugonjwa. Zile karata. Midomoni mwa mtoto anayeharisha, kisha zikarudi mkononi mwa Senje, na kesho yake mikononi mwa watu wengine. Nilikuwa nimesimama pale na sikuona ubaya wowote, kwa sababu mtoto huamini mikono ya wakubwa.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa sote kwa Kukhu mchana. Baba alikuwepo, ameegemea ukuta, anabandua udongo kwa ukucha. Senje alizipanga karata kwenye ungo, kifudifudi. Kila mke wa boma achukue moja, na Kukhu pia kwa kuwa ni mkubwa wao. Atakayeshika malkia wa shupaza, yule mweusi, ndiye omulosi, mchawi, ndiye anayekula watoto.

"Kalata haidanganyangi," Kukhu alisema.

Mama alisema, "Nitachukua. Lakini nikitoka hapa nitanawa, mjue."

Walichukua. Mama alipogeuza yake ilikuwa saba ya kopa, nyekundu tupu. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nilikuwa nimekaa miguuni kwa Kukhu, na Kukhu alipogeuza yake niliona vizuri, na kila mtu aliona: malkia wa shupaza. Senje aliruka akaipokonya ile karata kama aliyeona kaa la moto kwenye mkeka.

Mama hakungoja. Alitoka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwetu, akachomoa kijiti, akanawa. Tulimwona kupitia mlango ulio wazi. Alisugua mpaka kwenye vifundo, na povu.

"Mmeona?" Senje akasema. "Ameosha! Hizi kalata zimechafuliwa na sabuni yake, ndio maana zinasema vitu hazieleweki. Mtu hana kitu mkononi anaosha nini?"

Karata zimechafuliwa na sabuni. Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote na bado yananipandisha damu. Na wale watu wazima, waliotoka kumwona malkia mkononi mwa Kukhu kwa macho yao, walitikisa vichwa kukubali.

Wakiwa bado jikoni, Mama aliingia nyumbani kwa kina Shikuku, akamfunga mgongoni kwa leso, akashika njia ya barabarani. Mama yake Shikuku alimkimbilia akilia, akimwita kwa jina langu.

"Mama Ayuma, niachie mtoto wangu!"

"Si ukuje twende. Ukitaka kunipiga utanipigia huko hospitali."

Wakaenda wote wawili. Shikuku alitundikiwa maji mjini Kakamega, akapewa dawa, na muuguzi akamketisha mama yake chini akamwambia waziwazi kuhusu mikono, choo na chakula. Yote haya nilisimuliwa na Mama baadaye. Waliporudi, Shikuku alikuwa amekonda lakini anadai uji kwa sauti. Nilimbeba nikazunguka naye boma zima. Nilidhani mambo yamekwisha, kwamba sasa watamshukuru Mama, labda wamchinjie ingokho, kuku, kama anavyochinjiwa mgeni wa heshima.

Senje Rispa alikuwa na hesabu nyingine. "Sisi wote tumeshindwa," aliwaambia. "Yeye amemshika tu, mtoto amepona. Aliwezaje kuutoa kama si wake?"

Hebu fikiri. Mtoto angekufa, Mama ni mchawi. Mtoto alipona, Mama ni mchawi. Hapakuwa na mlango wowote wa kutokea katika nyumba ile waliyomjengea, na walioijenga walikuwa watu wa kanisani, watu wa kusalimia vizuri, watu walionipa muwa nikipita.

Jioni hiyo Baba alikuja kwetu. Hakukaa. Alisema, "Nenda kwenu kidogo, mambo yapoe."

Mama alimuuliza, "Baba Ayuma, wewe unaamini?"

"Si kuamini. Huyo ni mama yangu, na yule ni dada yangu."

Ningemsamehe Baba kama angeamini. Senje labda aliamini, na Kukhu, kwa hofu ya kile alichokishika mkononi, alilazimika kuamini. Lakini Baba hakuamini, alijua kuliko wote, na bado alimbebea Mama sanduku mpaka barabarani. Hiyo kidogo yake haijaisha hadi leo. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtoto ni wa boma la baba yake, nikawa ninamwona Mama huko Butere shule zikifungwa, kama mgeni.

Na ule ugonjwa ulikwisha, bila shaka. Mama yake Shikuku alikuwa amesikia maneno ya muuguzi. Alfajiri moja nilimkuta amesimama mlangoni kwetu, anautumia mkebe wa Mama, anamnawisha mtoto. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Baada ya muda mkebe ukahamia nyuma ya nyumba yake, na wake wengine wakaanza kupita huko mmoja mmoja, wakijifanya wanafuata moto. Mchana walisema mchawi ameondoka na ugonjwa wake. Hakuna hata mmoja aliyesimama mbele ya watu akasema tulikosea, na mwiko wa karata ulikufa kimyakimya bila mtu kuulizwa.

Mwaka juzi Kukhu alifariki, amekula chumvi nyingi. Mama alikuja mazishini kutoka Butere. Alisema aliolewa pale na ndoa haijawahi kuvunjwa na mtu yeyote, kwa hiyo atapika kama wake wengine wanavyopika. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alipika, akapakua, akawa anapeleka sahani kwa watu waliokaa kwenye turubai. Mmoja wao alikuwa Shikuku.

Shikuku sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili na bodaboda yake. Asubuhi yote alikuwa ananilalamikia njaa. Mama alimpa sahani kwa mikono miwili. Aliipokea kwa adabu, akasema, "Asante, mama. Nimeshiba lakini," akaiweka chini kwenye nyasi, kisha akamvuta mwanawe mdogo aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuchukua nyama.

Sijui niliinukaje. Nilikuwa tayari kumwambia yote pale pale, mbele ya jeneza na mchungaji: mgongo aliobebewa, maji aliyotundikiwa, mama yake na kidole chake mdomoni. Mama alinishika kiwiko akanipeleka kando ya moto.

"Wacha," alisema.

"Niache nini? Umeona alichofanya?"

Alikuwa anamtazama Shikuku kwa mbali, anavyomfungia mwanawe kamba za viatu, mabega yake mapana yamelijaza shati.

"Ona vile amenenepa," alisema Mama. "Na alikuwa mwepesi mgongoni, siku ile nilidhani nimebeba leso tupu."

Alifurahi. Nilimwangalia usoni nikitafuta uchungu, nikakuta amefurahi kweli, kama mtu anayeona kazi yake imesimama. Yeye alichotaka siku ile ni mtoto apone, na mtoto alipona. Mimi ndiye niliyetaka na shukrani juu yake, na haki, na jina lake lirudishwe mahali walipolichukulia. Bado ninavitaka. Nilichukua ile sahani kutoka kwenye nyasi, nikakaa chini mbele ya Shikuku, nikaila yote nikimtazama machoni.