Koti la Erasmus na Mpishi wa Tumboni

Shemeji yangu Erasmus, karani wa ghala hapa Kimara, ndiye mwanaume pekee ninayemjua aliyenenepa kwa kujinyima.

Binti yake Demetria alikuwa anaagwa kwenda kuolewa. Kamati ya sendoff iliamua wazazi wavae sare ya zambarau, kitambaa kilichobaki jora moja tu Kariakoo. Fundi Nikodemu akashona koti mapema, akaonya kwamba hata kiraka hakijabaki. Tumbo nalo lilishaanza kubishana na vifungo. Erasmus akaapa koti litafunga; hawezi kumkabidhi mwanawe kifua wazi kama kondakta.

Akapiga marufuku mafuta nyumbani. Mchicha chukuchuku, samaki wa kuchemsha, chapati kavu hata mbwa wa jirani alizisusa. Ila ugali ulibaki kilima kilekile, chai ilikolea sukari mpaka kijiko kinasimama, na jioni juisi ya miwa, bilauri kubwa, kwa kuwa, alisema kwa uso wa profesa, muwa hauna mafuta.

Dada yangu Tusajigwe, mkewe, anafundisha baiolojia. Akamweleza taratibu kwamba ndani ya ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kujenga asidi za mafuta. Sukari ikizidi mahitaji, mwili unaivunjavunja, nacho kinaunganisha vipande hivyo mpaka vinakuwa mafuta. Mie niliyeishia darasa la saba nilielewa palepale, maana kichwa ninacho.

"Shemeji," nikamwambia, "umemfukuza muuza mafuta mlangoni, kumbe mpishi wake unaye tumboni, na miwa unampelekea mwenyewe."

Akanijibu, Demetria akisikia, kwamba sayansi ya kijiweni haimhusu.

Siku ya kujaribu, koti likagoma. Nikodemu akavuta, Erasmus akabana pumzi, kifungo kikaruka hadi kwenye cherehani. Ikabidi mgongo wa koti upasuliwe, uongezwe kipande cha bitana nyeusi.

Ukumbini baba mtu aliingia kiubavuubavu, mgongo ukutani, kama kaa. Lakini alipoitwa mbele kumkabidhi binti, ikabidi awape watu mgongo. Wakwe wakacheka kwa adabu. Mie adabu sina.

Demetria hakucheka. Alisogea nyuma ya baba yake, akamtandazia mtandio wake mabegani hadi ile bitana ikapotea, wakaenda hivyo mpaka kwa wakwe.

Waliporudi mezani, Erasmus akanyoosha mkono kwenye soda. Binti akaisogeza, akamwekea maji.

"Baba, leo mpishi wako apumzike."

Akayanywa yote, bila kunitazama.