Alama ya Mafuta

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa shofere wa Mzungu mmoja mwenye shamba, juu kidogo ya Bihambwe, kwenye milima ya Masisi, Kongo. Niliendesha kamionete yake, gari dogo la mizigo. Kila juma nilishuka Walikale na maharagwe na jibini, nikarudi na mawese na ndizi za msituni. Kwa miaka miwili gari ile haikunisumbua. Halafu ikaanza kula mafuta ya motere, yaani ya injini, nami nikaanza kuchanganyikiwa.

Sikuona yanakokwenda. Jumapili moja nilitandaza gunia safi chini ya gari, nikaingia misani. Nilipotoka gunia lilikuwa kavu, hata tone moja hakuna. Lakini kila nilipofunga safari na kuchomoa kijiti cha kupimia, mafuta yalikuwa chini ya alama. Niliongeza mpaka alama ya juu, nikashika barabara. Kwenye miteremko ya kuingia msituni nilitazama nyuma nikaona moshi wa buluu umelala juu ya barabara kama wa mtu anayechoma majani mabichi. Nikifika Walikale napima tena, na mafuta yameshuka tena.

Ubaya ni kwamba tulikuwa tumetoka kumpoteza mwenzetu kwa jambo la mafuta hayohayo. Tulikuwa mashofere wawili pale shambani. Mwenzangu aliendesha lori, na ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Motere ya lori lake ilikamata mlimani, ikakataa kuzunguka, na walipoifungua waliikuta karibu kavu. Yeye aliapa kwamba asubuhi ile alipima, na mafuta yalikuwa kwenye alama. Bwana mwenye shamba hakumsadiki, akamfukuza. Kwa hiyo mafuta ya kamionete yalipoanza kupotea, Bwana hakunituhumu waziwazi, ila alifungia bidoni ya mafuta ndani ya stoo yake akawa ananipimia mwenyewe, na siku moja aliniuliza huko Walikale nafikia kwa nani.

Nilirudi nyumbani nikiwa najishuku mimi mwenyewe. Nilihesabu kila mahali niliposimama, kila mtu niliyemwachia gari nikila. Mke wangu aliniuliza kama pengine nasahau kuongeza. Nikamwambia sisahau. Kisha nikakaa nikijiuliza kama kweli sisahau.

Bwana aliipeleka gari kwa fundi mmoja Goma, naye fundi akaifungua motere na kuitia pete mpya za pistoni, maana alisema za zamani zimelika. Nilifurahi sana. Niliendesha polepole siku za kwanza, kama alivyoagiza. Safari ya kwanza ya Walikale, kwenye mteremko uleule, moshi uleule. Nilisimamisha gari, nikashuka, nikasimama nyuma yake bila kujua nitazame nini.

Walikale kulikuwa na fundi mzee aliyetengeneza magari ya barabara. Nilimweleza yote, hata habari ya pete mpya. Hakugusa motere. Aliniambia kwanza niongeze mafuta mpaka pale ninapoongezaga. Nikaongeza. Kisha akaniletea karai, akafungua kizibo cha chini. Karai likajaa, akaita lingine. Akayapima yote kwa chupa, taratibu, midomo ikihesabu.

“Papa, hii motere haiko nakula mafuta,” akaniambia. “Iko natapika. Uko naijaza kupita tumbo yake.”

Nilimwambia haiwezekani, mimi nafuata alama. Hakubishana. Alimimina kiasi anachojua kinatosha motere ya namna ile, akangoja yatulie, akanipa kijiti nipime mwenyewe. Kilitoka na unyevu kwenye ncha tu. Nikapima mara tatu. Ndipo akasema kijiti kile ni kifupi, si cha gari ile. Akachukua tupa, akakichonga alama mpya pale chini mafuta yalipogusa, akasema nisipite hapo tena.

Nilipanda mpaka Masisi bila moshi. Lakini sikufurahi, kwa sababu njiani nilikumbuka. Kabla ya sikukuu moja, wakati gari bado haijaanza kula mafuta, Bwana alitaka magari yote mawili yaoshwe motere kwa petroli. Mwenzangu aliosha, mimi nikapangusa. Vijiti viwili nilivilaza juu ya kitambaa kimoja. Na aliyevirudisha ni mimi.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye lori lililokuwa limelala nyuma ya zizi. Nilichomoa kijiti chake, nikakiweka sambamba na changu. Kilizidi kwa kiungo cha kidole gumba. Kijiti kirefu kinafika chini zaidi. Kingeonyesha mafuta kwenye alama hata yakiwa yamebaki kidogo. Nilikuwa nimetia cha kamionete kwenye lori, na cha lori kwenye kamionete.

Nilimpelekea Bwana vijiti vyote viwili, nikamweleza. Alivishika muda mrefu, akavigeuza. Kisha akaniambia nirudi kazini. Nilimwuliza habari ya mwenzangu. Akasema ameshakwenda, akaingia ndani. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au hakutaka tu kusikia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa miguu kwa mwenzangu. Nilimkuta akipalilia maharagwe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa kabla hajajua. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mpini wa jembe.

“Ile siku nilisema mafuta ilikuwa ku alama,” akasema.

“Ulisema, kaka.”

“Na weye ulijibu nini?”

Sikuwa nimejibu kitu siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bwana, kimya, nikiamini kama yeye kwamba mwenzangu anaongopa. Nikamwambia hivyo.

Hakunitukana. Alimwita mke wake atuletee maziwa ya kuganda, tukanywa, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nilimsihi Bwana mara mbili zaidi amrudishe kazini, hatimaye akatuma mtu kumwita. Mwenzangu hakuja. Baadaye alipata kuendesha gari la mfanyabiashara wa kahawa, na tulipokutana barabarani alipunguza mwendo, akainua mkono, akapita. Nami niliinua wangu, na kila mara nilibaki najiuliza ile ilikuwa salamu ya namna gani.