Povu la Maziwa

Asubuhi hii dada yangu alifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa majani, na harufu ile ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya milimani, nikiwa mtoto.

Mama alikuwa akitoka damu isiyokoma. Kwetu mwanamke anayetoka damu hanywi maziwa, eti ng'ombe watakamuliwa damu. Bibi alichukua kikombe cha Mama, akanipa mimi.

"Kunywa, mutoto. Huyu atatuulia ngombe."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Hakuna aliyemuuliza kama ana njaa.

"Kunywa tu, papa," akaniambia kwa upole, kwa jina lake la kunibembeleza.

Maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Niliyanywa yote mbele yake, kisha nikalamba povu.

Leo ni binti yangu. Alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na sasa anakojoa damu. Daktari alitueleza sote, na dada yangu akiwepo, kwamba mionzi imejeruhi kibofu. Ni jeraha, si laana. Hata hivyo dada alikiondoa kikombe cha maziwa mbele ya binti, akampa mjukuu wangu.

"Ile mashini iliharibu yeye. Ataharibu na ngombe."

"Ngombe iko ya nani?" nikauliza.

"Iko yako, kaka."

Nikakichukua kikombe kwa mtoto, nikampa binti yangu. Dada akatoka bila kuaga. Binti alikunywa polepole, mpaka povu likabaki kwenye mdomo wake.