Mfuko wa Mchanga Mbele ya Boti

"Ukianguka majini, huo mchanga utageuza boti urudi kukuchukua?"

Aliyeniuliza hivyo ni shangazi yangu, ufukweni Kabwe, asubuhi moja ya jua kali, nikiwa nimeinama nafunga mfuko wa mchanga kwenye pua ya boti. Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo kikuu. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na pale nilipokosa jibu nilikuwa na swali la kumrudishia aliyeniuliza. Asubuhi ile, ambayo naikumbuka hadi harufu ya petroli mikononi mwangu, nilikaza fundo nikajifanya sikusikia.

Mwanangu, juzi ulinipigia simu ukitaka kujua mtu asiye na hela anaanzaje mbio za boti za injini ndogo. Nakuita mwanangu kwa kuwa mama yako ni binamu yangu, na kwa kuwa sikujaliwa mwingine wa kumwita hivyo. Nilikujibu kwa mkato, nikakata simu, kisha nikakaa muda mrefu sebuleni nikiisikiliza mvua ya hapa Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, ikigonga bati. Sasa nakujibu sawasawa. Usinisikilize kwa sababu nimezeeka. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikiliza mtu kwa sababu hiyo, na bado naona sikukosea.

Nilipotoka chuo, kazi za serikali tulizoahidiwa zilikuwa zimekwisha. Serikali ilikuwa inapunguza watu, haiongezi. Nikarudi Sumbawanga na masanduku ya vitabu. Wasichana niliosoma nao sekondari walikuwa na nyumba zao na watoto wao, na kila nilipoketi nao, mazungumzo yalidumu hadi nilipofungua mdomo. Niliuliza kwa nini tunafanya hivi, nani alisema, na kama aliyesema alikuwa na ushahidi. Walikuwa wapole. Mmoja alikumbuka ameacha maharage motoni, mwingine alikumbuka mtoto, nami nikabaki kwenye mkeka na kikombe changu. Baba aliliona hilo kwa miezi kadhaa, kisha akasema ingekuwa vizuri nikakae kwa dada yake huko Kabwe, ziwani. Nikateremka na gari la mizigo, nikiacha baridi ya Ufipa juu na kuingia kwenye joto ambalo lilinifanya nivue sweta kabla hatujafika chini.

Shangazi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinunua dagaa, akawaanika, akawapandisha mjini. Marehemu mumewe alimwachia vyombo vya kuvulia na injini moja ndogo ya kufunga nyuma ya boti. Zamani ukitaka injini kama ile ulisubiri ushirika upewe mgao, na huenda ungezeeka unasubiri. Wakati wangu biashara ilikuwa imefunguliwa. Injini zilizokwishatumika zilikuja kutoka Kigoma na upande wa Zambia, zimepakwa rangi upya kuficha umri, na karibu kila ukoo wa wavuvi ulijitahidi kupata moja. Vijana wakishapata kitu chenye mwendo, hawachelewi kutaka kujua cha nani kina mwendo zaidi.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Injini haikununuliwa kwa ajili ya mbio, na wewe usinunue. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika na injini hulala. Siku hizo za mbalamwezi, mchana, ndizo zilikuwa siku za mbio. Uliazima injini ya nyumbani kwenu, ukaifunga kwenye kiboti chepesi, na giza lilipoanza kurudi uliirudisha ikiwa nzima. Kiboti changu kilikuwa cha mbao, cha kubebea taa za karabai, kimetupwa kando ya vichanja vya dagaa. Nilikikwangua, nikaziba nyufa, nikakipaka rangi ya mlango iliyobaki kwa jirani. Hivyo tu.

Siku ya kwanza nilipotoka nacho peke yangu, kelele ya injini ilifunika kila kitu, hata kichwa changu. Nilikuwa mpweke kwa miezi mingi, lakini pale ziwani nilikuwa peke yangu kwa kutaka mwenyewe, na hilo lilinipa nafuu ambayo siwezi kukueleza vizuri. Nilirudi ufukweni nikiwa nimeamua kushindana.

Tatizo lilikuwa kanuni ya vijana wa Kabwe: kila boti iwe na watu wawili. Mwendeshaji hukaa nyuma ameshika mkono wa injini, na mwingine hukaa mbele kabisa kuizuia pua isipande. Boti nyepesi yenye uzito wote nyuma huinua pua, na upepo ukiingia chini yake, hupinduka. Msimamizi alikuwa fundi injini mmoja kijana, Kasimu, mtu wa utani.

"Dada msomi, bila mtu wa mbele huingii," aliniambia.

"Pua inapanda kwa sababu ya uzito. Nikiweka mchanga wenye uzito wa mtu, tofauti ni nini?"

"Hakuna tofauti. Uambie tu huo mchanga uje wenyewe kutaja jina lake."

Walicheka wote. Nikawauliza mmoja mmoja nani atakaa mbele yangu. Mmoja alisema mkewe hataelewa. Mwingine alisema ana homa, huku anakula muhogo. Wa mwisho alikuwa mkweli zaidi: "Mimi nikikaa na wewe, dada, nitaulizwa maswali mpaka Kongo!" Hapo walicheka hadi wengine wakakaa chini. Na mimi nilicheka, nikaondoka nikiwa nacheka, na nilipofika nyuma ya vichanja nikaacha.

Usidhani nilililia kombe. Hata kombe halikuwepo. Lakini nilijua kwamba nisipoingia kwenye mbio zile, nitapanda gari la mizigo na kurudi Katandala nikiwa mtu ambaye hakuna anayekubali kukaa naye, mlimani wala ziwani. Na nilijua sitateremka tena. Ndiyo maana nilijaza ule mfuko wa mchanga. Nilitaka kuwaonyesha boti inakwenda vizuri bila mtu, ili wabadili kanuni. Nadhani nilitaka pia kujionyesha mimi.

Shangazi alinitazama nikijifanya sikumsikia. Kisha akalifungua lile fundo mwenyewe, akauburuta mfuko nje ya boti, akaumwaga mchanga ufukweni ulikotoka.

"Nitakaa mimi," alisema.

"Shangazi!"

"Shangazi nini? Uzito si uzito? Si ndivyo ulivyowaambia?"

"Watu watatucheka."

"Kwani sasa wanafanya nini?"

Tulifanya mazoezi kila asubuhi hadi siku ya mbio. Alifunga kanga mbili kiunoni, akaketi mbele akinipa mgongo, akashika mbao za pande zote mbili kwa nguvu kiasi kwamba mishipa ya mikono ilimtoka. Nchi kavu alikuwa mwanamke wa maneno tangu alfajiri. Majini hakusema hata neno. Nilidhani amenikasirikia. Nilidhani amejitoa kwa huruma na sasa anajuta, na kila nilipouona ule mgongo umenyooka mbele yangu nilijiona nimembebesha mtu mzigo. Tulikuwa wawili kwenye kiboti, na sikumbuki wakati mwingine nilipojisikia mpweke vile. Sikumuuliza. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Siku ya mbio ufukwe ulijaa. Njia ilikuwa kutoka kwenye mchanga hadi pipa la plastiki lililotiwa nanga mbali, kulizunguka, na kurudi. Tulipojipanga, kelele zikaanza.

"Bibi, shika kilemba kisiruke!"

"Wewe shika mkeo kwanza," Shangazi alijibu bila kugeuka, na ufukwe mzima ukalipuka.

Tukaondoka. Tulikwenda vizuri, mwanangu. Kiboti kilikuwa chepesi, pua imelala, na nilizipita boti mbili zenye injini kubwa kuliko yangu. Nililifikia pipa nikiwa wa pili. Mwendeshaji mwenye busara hapunguzi sana wala haongezi kwenye kona. Mimi niliongeza. Wimbi la boti iliyotangulia lilitukuta ubavuni katikati ya kona, kiboti kikaruka, bega langu likagonga ukingo, nami nikaenda majini.

Nilikuwa nimejifunga mkononi kikamba cha kuzimia injini, kile kinachochomoka mwendeshaji akianguka. Nakusihi na wewe ukifunge, maana ndicho kilichofanya kiboti kisigeuke na kunikata kwa pangaboi. Injini ilizima. Ukaja ukimya ambao sijausahau. Boti zilizokuwa nyuma yetu nazo zilikwisha kulizunguka pipa na kuelekea ufukweni, hakuna aliyetazama nyuma. Nilikuwa najua kuogelea, nilijifunza chuoni, lakini mkono mmoja ulikataa kuinuka, na gauni lilikuwa linanivuta chini. Kiboti kilikuwa kinaendelea kuteleza kwa kasi iliyobaki, kinaondoka.

Sikumwita Shangazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilikuwa nimezoea kwamba mtu akiondoka, ameondoka.

Kisha nikaona kilemba. Kilikuwa kinashuka kutoka kwenye pua ya boti kwenda nyuma, polepole, kwa magoti, kwa tumbo, mbao baada ya mbao. Akashika kasia. Hakujua kulitumia. Kiboti kilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kikanipa mgongo, kikanipa ubavu, na wakati wote huo nilisikia sauti yake.

"Kaa hapo hapo! Usiende popote!"

Ningekwenda wapi?

"Mjinga wewe! Umesoma vyote, kupunguza mwendo hukusoma? Kaa hapo!"

Kulikuwa na dumu tupu limefungwa kamba nyuma ya boti, ndilo boya letu. Alilinyakua akanirushia, kamba ikiwa mkononi mwake. Likaanguka mbali. Akalivuta, akalirusha tena, nikalikumbatia kwa mkono mzima. Alinivuta kwa ile kamba, kisha kwa kola ya gauni, hadi kiboti kikainama na maji yakaanza kuingia. Sijui alipata wapi nguvu. Tulilala sakafuni mwa boti tukihema, maji yakitufikia masikioni.

"Shangazi, nisamehe," nilisema.

"Nyamaza."

Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yakigongana. Nikaona ni hasira, na kwamba nimestahili. Kisha akasema, akiwa anatazama juu, "Haya. Niulize swali sasa."

Nikaanza kuyachota maji kwa mkono mzima.

Kasimu alikuja kutuvuta kwa boti yake. Yule aliyesema nitamuuliza maswali mpaka Kongo ndiye aliyenishika mkono nishuke, na hakufanya utani. Mwezi uliofuata alikaa mbele yangu. Tukashindana mara nyingi, mara chache tukashinda, na nilimuuliza maswali kweli, naye akazoea. Shangazi hakupanda tena boti. Alisimama ufukweni akitukana kila mtu aliyekaribia kunipita.

Sasa nasaha zangu, kwa kuwa ulitaka kujua unaanzaje. Anza na injini iliyopo nyumbani, ndogo, siku ambazo haifanyi kazi ya chakula cha watu. Boti iwe nyepesi, lakini usiipunguzie mbao hadi ikavuja. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kukimbia. Funga kikamba cha kuzimia mkononi hata wakikucheka. Usiongeze moto kwenye kona. Hayo yote fundi yeyote wa Kabwe atakuambia, pengine vizuri kuliko mimi.

Lile ambalo huenda hawatakuambia ni hili: kabla ya kutafuta injini, tafuta mtu. Najua ulivyo. Mama yako ananiambia unakula chumbani kwako, na kwamba watu wanakuona mjuaji. Watakuambia uache kuuliza. Usiache. Lakini muulize pia aliye mbele yako kama ana hofu, na usubiri ajibu. Mimi nilijifunza nusu tu ya somo hilo. Nilijifunza kukubali mtu akae nami, sikujifunza kumwambia abaki, na ndiyo maana nyumba yangu ya Katandala ina utulivu mwingi kuliko unaohitajika. Simlaumu mtu. Nataka tu yako iwe na kelele kidogo.

Mungu akulinde kwenye maji na nchi kavu. Akupe mikono isiyotetemeka kwenye kona, akupe wa kukugeukia unapoanguka, na akujalie na wewe ugeuke wengine wanapoanguka.

Limebaki jambo moja ambalo nililijua baada ya miaka mingi, kwenye matanga ya Shangazi. Nilikuwa nimekaa na jirani yake wa siku zote tukichambua mchele, nikawa namsimulia alivyonitoa ziwani. Yule mama akaacha ungo. Akaniambia kwamba Shangazi alizaliwa Pito, huko juu mlimani, kwenye mashamba ya mahindi, akaletwa Kabwe akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo hadi anakufa hakuwahi kuingia majini kupita magoti, hata kuoga alichotewa maji. Shangazi yangu hakujua kuogelea.