Moshi wa Kusubiri

Akili yangu imegoma kupokea. Jumamosi tumecheka kwenye simu, Jumapili asubuhi Kepteni Mhina amefariki, baada ya Alasiri kazikwa. Nimeyaandika hayo kwenye shajara, nikayasoma, nikaifunga.

Kwa msiomjua: alikuwa nahodha wa tagi hapa bandarini Tanga, enzi meli kubwa zikitia nanga mbali na gati. Tagi yake ilivuta matishari, yale mabapa ya chuma yasiyo na injini, yamejaa marobota ya katani. Mimi nilikuwa karani mpya wa kampuni iliyosafirisha hiyo katani. Bado nipo hapo hapo.

Wenzake walimtania: "Mbondei na bahari wapi na wapi? Rudi Muheza ukachume machungwa!"

Naye: "Na hayo machungwa weye utayapeleka ng'ambo kwa kuogelea?"

Siku ya kwanza kupanda tagi yake nilimwambia, "Shikamoo Kepteni. Mbona injini inanguruma na hatuendi popote?"

"Marahaba, Karani. Ukizima haiwaki."

Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni kwa foleni, dizeli kwa kibali, betri ya kuwashia injini ndiyo hakuna kabisa. Basi tukisubiri meli iwe tayari, injini iliachwa ikiunguruma kutwa. Tulikunywa chai isiyo na sukari, vikombe vikitetemeka.

Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaja, sukari ikarudi, tagi ikapata betri mpya. Kepteni bado hakuzima.

"Nishazoea," aliniambia. "Ikinyamaza, moyo wangu unakwenda mbio." Hivyo hivyo hadi anastaafu.

Mwaka huu wanunuzi wetu wa Ulaya wametutaka tupime gesi joto, yaani moshi unaoongeza joto duniani, za safari nzima ya katani, toka shambani hadi bandarini kwao. Tupime ya sasa, meli zikifunga gatini, na ya miaka ya mwisho ya matishari, Kepteni akiwa bado kazini, ili ijulikane tumepunguza kiasi gani. Hiyo ya zamani wanaiita baseline. Kazi nikapewa mimi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tani za mzigo, mara kilomita, mara kiwango cha moshi wa chombo. Lori, sawa. Meli, sawa.

Tagi inayosubiri haina mzigo na haiendi. Jibu: sifuri.

Nilikwenda kwake Nguvumali nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka.

"Yaani miye nimekaa pale kutwa, mgongo wangu umeishia pale, halafu sifuri?"

"Kepteni, huu ni moshi. Kila mtu anaomba wake uwe mdogo."

"Wangu uandike wote, Karani. Kama ule moshi haukuwepo, basi na miye sikuwepo."

Nikaacha tani na kilomita. Kwa tagi nikahesabu saa za injini kuwaka na dizeli iliyoungua kila saa. Mkaguzi kule Ulaya akajibu kwa email: mstari huu hauna ushahidi. Aliyekuwepo athibitishe, au ufutwe.

Tukapanga Kepteni aje ofisini Jumatatu, azungumze na mkaguzi kwa video call.

Jumamosi akanipigia. "Sasa nianze na bismillahi au nianze na dizeli?" Nikamwambia ajirekodi kwanza, afanye mazoezi. Akanitumia voice note: "Bismillahi. Miye Mhina. Injini yangu haikuzimwa, tangu tunafungua kamba mpaka tunafunga. Mwenye kubisha aje aniulize."

Jumapili nilikaa jamvini na akina mama. Mkewe, Mama Saidi, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, ile kanzu niliyompigia pasi kwa ajili ya kwenu kesho, niirudishe kabatini?" Nikaenda kuosha vikombe.

Jumatatu nikafungua video call peke yangu. Nikamweleza mkaguzi. Akanipa pole, akauliza kama kuna lolote alilowahi kusema. Nikamtumia ile voice note. Niliitafsiri neno kwa neno, hata bismillahi. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilirekebisha nukta moja.

Leo asubuhi limekuja jibu la neno moja: "Accepted." Umekubaliwa.

Nikashika simu nikupigie, Kepteni. Iliita mara mbili ndipo nikakumbuka.

Mstari wako umebaki, Kepteni. Kutwa zako zote za kusubiri zimo, na ni moshi mwingi kuliko nilivyodhani. Pale wanapouliza nani anathibitisha, nimeandika jina lako na kazi yako. Sikuandika marehemu. Mkono haukutaka.

Mzigo wote umeshafika. Hakuna meli unayoisubiri tena. Sasa unaweza kuzima injini, Kepteni wangu. Zima, ulale.