Sanda Sitini na Sita

Aidah hakupenda maswali. Mimi nayapenda kupita kiasi. Miaka tisa tumekaa cherehani kwa cherehani pale Remera, mimi nikiuliza na yeye akikata vitambaa. Ushirika wetu wa mafundi wanawake unaishonea hospitali moja ya hapa Kigali: mashuka, mapazia, nguo za chumba cha upasuaji. Na sanda. Za watu wazima nashona mimi. Zile ndogo alizishona Aidah, kwa sababu mkono wake ni mwepesi, na kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka.

Zamani hospitali iliagiza vitu vikiisha. Ikaja korona, vikaisha vyote kwa mpigo, na wakubwa wakaapa kwamba haitatokea tena. Wakamwajiri Rodney, kijana wa mipango aliyekulia Uganda, mpole, shati limenyooshwa mpaka mfukoni, awakisie mahitaji ya miaka ijayo. Mwaka jana, mwezi wa sita, alituletea karatasi yake. Sanda ndogo: sitini na sita.

Nilimuuliza amezipataje. Laiti ningenyamaza.

"Naangalia wanawake ngapi watazaa mwaka mzima," alisema. "Naangalia watoto ngapi walikufa miaka ya nyuma. Naongeza kidogo, juu ya ile hatujui. Ni kukisia tu, mama, rwose, kweli kabisa."

Aidah akaweka mkasi chini. "Hao watoto, iko wapi sasa?"

"Bado hawajazaliwa, mama."

Hakuuliza tena. Lakini mimi nilijua alichokuwa anakiwaza, maana nilikuwa nakiwaza hichohicho. Binti yake wa pekee, Yasmina, anayekaa Busanza, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimefika mwisho, na watoto wote wawili walikufa siku walipozaliwa. Huyu wa tatu angezaliwa katika hospitali ileile, ndani ya mwaka uleule wa karatasi ya Rodney.

Kazi ile ilimharibu. Alikata huku midomo inacheza. Nilidhani anaomba, kumbe anahesabu. Akimaliza moja huinyanyua, akaitazama, akaniuliza, "Mama Shafiq, hii ya nani?"

"Ya hospitali."

"Acha ujinga."

Alimpiga Yasmina marufuku kukanyaga dukani kwetu. Wajawazito wakipita barabarani, aliinamisha macho. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa vile vitambaa kuliko maiti niliowahi kuwaosha.

Siku ya kupeleka mzigo, mimi ndiye niliyefunga mafurushi ya kumi kumi. La mwisho lilitakiwa kuwa na sita. Nikahesabu, nikarudia.

"Aidah, iko tano."

"Funga."

"Karatasi inasema sita."

"Nimesema funga. Moja ni yangu, na mimi siishoni."

Nikafunga. Hospitali hawakuhesabu, maana Aidah hakuwa amewahi kupunguza hata kifungo. Waliandika sitini na sita.

Yasmina alijifungua mwezi wa kumi na mbili, msichana, kelele tupu. Aidah alicheka wiki nzima, na mimi nilicheka naye. Kila mtu dukani alikula sambusa zake.

Mwezi wa sita mwaka huu Rodney alirudi. Alikaa kwenye stuli bila kusalimia, naye si mtu wa kukosa adabu. Kumbe makisio yake yalikuwa yametimia barabara: watoto sitini na sita, hakuzidi wala kupungua hata mmoja. Lakini stoo sanda ziliisha kabla ya huyo wa mwisho. Mama yake, Gahongayire, anayeuza chai nyuma ya kituo cha mabasi, alisubiri tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akamfunga mtoto kwa kitenge alichokuwa amevaa, akaondoka naye.

"Ni mimi nilikosea," Rodney alisema. "Moja ilipotea, na mimi sikupanga ya kupotea. Mbabarira, mama."

Alituomba radhi sisi! Kisha akaandika sabini na tano, ili aibu ile isijirudie. Na sisi wawili, watu wazima na akili zetu, hatukufungua mdomo. Sijajisamehe, wala sijui nianzie wapi.

Kesho yake Aidah alishona sanda moja kwa pamba nzuri kuliko zote. Tukaenda kwa Gahongayire. Aidah alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Nilikuwa namwangalia yule dada akishika birika la moto, nikasema moyoni, akitumwagia tutakuwa tumestahili.

Hakutumwagia. Hakuigusa sanda pia.

"Hiyo karatasi ilikuja lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa sita."

Akahesabu kwa vidole. "Nilikuwa hata sijabeba mimba," alisema. "Na wangu iko kwa orodha tayari." Kisha akamwambia Aidah polepole, bila hasira, "Mama, kama ningejua, ningekuja kwako. Ningepiga magoti utoe ya mtoto wangu."

Pale kituoni watu wengi hunywa chai, na Gahongayire hakuapishwa kunyamaza. Wiki ile ile akaja mjamzito wa kwanza, tumbo limeshuka, akasimama mlangoni hataki kukaa. Sasa wanakuja karibu kila siku, wengine na waume zao. Hawasemi mengi. Wanaomba tu ya kwao isishonwe.

Aidah huwashika mkono mmoja mmoja. "Nimeshaitoa, mwanangu," huwaambia. "Nenda salama."

Wakishaondoka anarudi kwenye cherehani. Anashona zote sabini na tano.